Watu saba wa benchi

Januari 2014 mvua ilishika Lubumbashi bila kupumzika, na uwanja wetu wa mazoezi kule Katuba ukageuka tope jekundu linalovua watu viatu. Jumanne ile walifika wachezaji 14. Wakati ule karatasi ya mechi ilikuwa na nafasi 18, kumi na mmoja wa kuanza na saba wa benchi, lakini Jumapili iliyotangulia tulikuwa tumeandika majina 16 tu. Mmoja wao alikuwa kipa wa pili mwenye kidole kilichovunjika; tulimvalisha jezi ili benchi lisionekane tupu. Mechi saba zilikuwa zimepita bila ushindi. Wazoefu wanne waliondoka Desemba baada ya mishahara kuchelewa, na dirisha la usajili la katikati ya msimu lilikuwa limebakiza siku 11. Kwa kanuni za FIFA za wakati ule dirisha hilo halikuzidi majuma manne. Likifungwa, unamaliza msimu na ulio nao.

Mimi nilishika kaye, yaani daftari, ya timu: leseni, tarehe za kuzaliwa, dakika alizocheza kila mtu. Siku zile zote zimo humo.

Jioni komite ilikutana katika parsele, yaani kiwanja cha nyumba, ya rais wa timu, mtaa uitwao Kenya. Wazee walikuwa na wazo moja: kuiga Mazembe, klabu kubwa ya mji wetu iliyochukua wachezaji nje, na kuvuka mpaka wa Zambia pale Kasumbalesa.

"Mazembe balitosha Samatta na Ulimwengu mu Tanzania, balitosha Kalaba mu Zambia," alisema mmoja. "Na sisi tuvuke Kasumbalesa, tulete benye kujua mupira."

Kocha akamjibu polepole. "Papa, bale balikuja kuanza mechi. Sisi tunatafuta ba kuingia dakika ya 70."

Hapo ndipo shida ilipokuwa, na timu nyingi maskini hazipaoni. Klabu yenye pesa inamleta mgeni awe wa kwanza katika nafasi yake. Klabu isiyo na pesa inamleta huyo huyo kwa kumlinganisha na wanaoanza, kisha inamkalisha. Inalipa chumba, chakula, nauli na karatasi, na yeye anacheza dakika nane kwa mwezi. Baada ya miezi miwili miguu imepoa, moyo umevunjika, na deni linabaki kwenye vitabu. Tulikuwa tumefanya hivyo misimu miwili mfululizo.

Kaye ilionyesha jambo lingine. Kati ya magoli 12 tuliyofungwa katika mechi zile saba, manane yaliingia baada ya dakika ya 70, na matano kati ya hayo yalipitia upande wa kushoto. Beki wetu wa kushoto hakuwa mbaya. Alikuwa na miaka 31, alikuwa amecheza kila dakika ya kila mechi, na kwenye tope kukimbia mbio za mita 40 kwenda na kurudi kunachosha zaidi. Hakukuwa na mtu wa kumpumzisha.

Kikaoni alikuwepo mgeni, mhandisi kutoka Québec, aliyeletwa na shabiki wetu aliyekuwa akifanya naye kazi mgodini. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza swali moja: yule mchezaji wa kumi na nne kwenye karatasi, kazi yake nini? Tukamjibu kwamba ni wa akiba. Akasema kwao akiba haihesabiwi kuwa kazi, akaomba kalamu.

Alikuwa amekulia kwenye hoki ya barafuni, na alituchorea namna timu za ligi yao kuu, NHL, zinavyojipanga. Kwa mechi moja wanavaa watu 20: makipa wawili, mabeki sita wanaoingia wawili wawili, na washambuliaji 12 katika mistari minne ya watu watatu. Mstari mmoja unakaa barafuni sekunde 45 hivi, unatoka, mwingine unaruka ukuta kuingia, na mchezo hausimami. Kwa hiyo hata mstari wa nne unapata karibu dakika 10 katika dakika 60, kila usiku wa mechi. Na una kazi zenye majina. Mwenzao akitolewa nje dakika mbili kwa kosa, wanabaki wanne dhidi ya watano, na mtu wa mstari wa nne ndiye anayetumwa kuingiza mwili mbele ya shuti. Mwingine yupo kwa sababu anajua kushinda pale mwamuzi anapoangusha kile kisahani wanachochezea badala ya mpira kati ya wachezaji wawili.

Mishahara ya klabu nzima ina kikomo, akaeleza, na timu iliyoshika mkia inaweza kuwa imekwisha kufunga pesa zake kwa majina matatu au manne. Nafasi za chini inazijaza kwa watu wa aina mbili. Kuna vijana wa miaka 18 hadi 20, wenye mkataba wa kwanza wa miaka mitatu ambao mshahara wake una mpaka. Na kuna wanaume wa Uswidi, Finland au Ucheki, wa miaka 25 hadi 27, ambao kanuni inawapa mkataba wa kwanza wa mwaka mmoja tu. Kijana wa miaka 18 au 19 anaweza kujaribiwa mechi tisa na kurudishwa kwenye ligi ya vijana. Akicheza ya kumi, mwaka wa kwanza wa mkataba wake umeanza kuhesabiwa. Kocha wetu aliipenda sana hiyo ya mechi tisa. Kila mtu, alisema, anapaswa kujua anajaribiwa mpaka lini.

Tena mhandisi akatuonya kuhusu wageni. Kiwanja cha barafu cha kimataifa wakati ule kilikuwa na upana wa mita 30, cha NHL hakifiki 26. Beki aliyezoea nafasi pembeni anajikuta amebanwa ukutani kabla hajainua macho. Uwezo wake ni ule ule. Mita nne tu zimepungua.

Sisi kwetu ugumu ni mkubwa zaidi. Wakati ule mpira wa miguu uliruhusu mabadiliko matatu, na anayetoka harudi. Beki akiumia dakika ya 20, umebaki na mawili. Mtu wa benchi anayejua nafasi moja tu anakula nafasi ya watu wawili. Basi usiku ule tuliandika kazi, bila majina ya watu. Ya kwanza: kumpumzisha beki wa kushoto kuanzia dakika ya 65, na aweze pia kucheza winga upande huo. Ya pili: kiungo wa kufunga mechi, anayejua kushika mpira, kuomba faulo na kuwapanga wenzake kwenye kona. Nyingine zilikuwa nyepesi, tukazigawa kwa waliokuwepo.

Ya kwanza inataka miguu, na miguu ipo mtaani. Ya pili inataka kichwa kilichokwisha kupigwa na mechi 100, na hicho kijana hana. Mpaka leo naamini mgawanyo huo ni sahihi kwa timu inayohangaika: kijana wa nyumbani apewe pembeni, mgeni apewe katikati.

Beki kijana tulikuwa naye kwenye timu ya vijana, miaka 17, kilo 58. Kabla ya kumpandisha, daktari alimpima moyo na magoti na kutupa cheti. Kisha tukamuuliza anakula mara ngapi kwa siku. Mara moja, jioni, bukari, yaani ugali, na samaki wadogo. Mtoto anayekula mara moja hachezi dakika 90 hata umpigie kelele namna gani. Misuli ya paja itakaza karibu na dakika ya 60. Mama mmoja jirani ya uwanja akaanza kumpikia uji wa soya kila asubuhi, kwa hesabu ya timu, na kocha akamwekea kikomo cha dakika 25 kwa mechi za kwanza. Viatu vyake vilikuwa vya meno mafupi ya mpira, vizuri kwa vumbi la Agosti. Kwenye tope la Januari angeteleza kila akigeuka. Tukamtafutia vya meno sita ya chuma.

Nilimtazama Jumatano akifundishwa. Kocha alipanga madumu matano ya njano kwenye mstari wa pembeni, hatua nane kutoka dumu hadi dumu. Kijana alikimbia mpaka dumu la tatu, akasimama, akatazama bega lake la kulia kumwona beki wa kati yuko wapi, kisha akarudi. Hakuruhusiwa kuvuka dumu la tatu hata mara moja. Alirudia mara 40. Mara ya ishirini hivi alisahau kutazama bega, na kocha akamsimamisha, akamshika kidevu, akakigeuza taratibu.

Tulimsajili na misimu yake yote ya nyuma, tangu ana miaka 12, mmoja mmoja. Makatibu wengi wanaipuuza kazi hiyo. Mchezaji akiuzwa nje kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya bei inagawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23, msimu kwa msimu. Msimu usioandikwa haulipwi.

Alhamisi tulivuka mpaka kutafuta kiungo. Chililabombwe, mji wa kwanza upande wa Zambia, tulionyeshwa wawili. Mmoja alikuwa mtoto wa ajabu, mguu wa kushoto kama mkono. Alikuwa na miaka 17, tukamwacha. Kanuni inakataza kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi hadi nchi. Kuna msamaha kwa wanaoishi mpakani, lakini nyumba ya mtoto na klabu vyote viwe ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani, na mtoto aendelee kuishi kwao; kutoka Chililabombwe asingeweza kuja mazoezini Lubumbashi na kurudi kila siku. Mzee mmoja alipendekeza tumwongezee mwaka kwenye karatasi. Rais alikataa pale pale, na nilimheshimu kwa hilo. Klabu inayodanganya umri inapoteza pointi, na mtoto anabeba karatasi ya uongo maisha yake yote.

Wa pili alikuwa na miaka 26, mkataba wake ulikwisha Desemba, kwa hiyo hakuna klabu ya kulipa. Tulipewa pia jina la mmoja wa Kinshasa, rahisi zaidi kwa karatasi. Kocha alisita: Kinshasa iko mita 300 hivi juu ya bahari, sisi karibu 1,200, na mtu wa kule juma la kwanza anahema. Wa Copperbelt, mkoa wa Chililabombwe, anaishi kwenye hewa kama yetu. Tukamchukua huyo.

Tangu 2010 uhamisho wa kimataifa wa wachezaji wa kulipwa unapitia mfumo wa FIFA wa kompyuta, TMS. Tulihitaji nakala ya pasi, mkataba uliosainiwa, uthibitisho wa siku ambayo mkataba wake wa zamani ulikwisha, na tamko kwamba hakuna mtu wa tatu anayemiliki haki zake. Barua yetu ya uthibitisho ilikuja ina mhuri na saini, tarehe hakuna. Ombi likarudishwa. Siku mbili zikapotea kwa kukimbizana na barua mpya, na hapo nilielewa kwa nini watu wazoefu husoma tarehe kwanza, mhuri baadaye. Muhimu ni ombi la cheti cha uhamisho liingie kabla dirisha halijafungwa. Shirikisho la Zambia lilikuwa na siku saba za kujibu, na hilo halikutudhuru. Tuliingiza siku ya tisa.

Jumapili ya kwanza kijana aliingia dakika ya 66. Tulitoka 0-0, na upande wa kushoto haukupita mtu.

Mzambia alicheza Jumapili ya tatu, akaingia dakika ya 68 tukiongoza 1-0. Alishika mpira kama tulivyotaka, akapata faulo mbili, akawatuliza wenzake. Dakika ya 79 ikaja kona. Kipa wetu akapiga kelele "premye! premye!", yaani funga poto la kwanza, nguzo ya goli iliyo karibu na kona. Kila mtoto wa Lubumbashi anajua neno hilo, kwa sababu uwanjani tunaamrishana kwa Kifaransa kilichokatwakatwa. Yeye alikuwa amezoea Kibemba na Kiingereza. Alibaki katikati ya boksi akimtazama kipa. Mpira ukapita poto la kwanza, kichwa, 1-1.

Kosa lilikuwa letu. Tulikuwa tumesoma pasi yake, mkataba wake, hata urefu wa mji wake kutoka baharini, na hatukukaa naye nusu saa kumfundisha maneno 12.

Jumanne kocha alimweka kwenye poto na kipa nyuma yake. Zilipigwa kona 30. Kipa alipaza sauti "premye", naye anakwenda. "Dezyeme", anarudi nyuma. Kisha wakabadilishana: Mzambia akawa anapiga kelele "bwela!" na mabeki wetu, ambao wengi nyumbani kwao wanasikia Kibemba, walirudi bila kuuliza. Kona ya 23 na ya 24 alikosea. Zilizobaki zote alikuwa kwenye poto kabla mpira haujaondoka ardhini.

Mbele ya jina lake niliandika: dakika 22, faulo 2, kona 1. Chini yake nikaacha mistari tisa tupu.