Alhamisi ya Nyamukubi

Leo ni Alhamisi, na shangazi yangu amekifungua tena mezani kile kitabu cha madeni, hapa nyumbani kwetu Kadutu, mjini Bukavu, mashariki mwa Kongo. Kitabu si chake. Kilikuwa cha binti yake, binamu yangu, aliyekuwa akipanda boti na vitenge vyake kwenda kuuza katika soko la Nyamukubi, kando ya Ziwa Kivu, wilayani Kalehe. Soko hilo hufanyika siku ya Alhamisi, na tarehe 4 Mei 2023 ilikuwa Alhamisi. Juma lile alikuwa ameniachia kitabu nimjumlishie hesabu, na ndiyo sababu kitabu kipo nasi na yeye hayupo.

Mvua ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mito ilifurika, milima ikaporomoka, na maji yaliyochanganyika na udongo na mawe makubwa yakafagia Bushushu na Nyamukubi hadi ziwani. Miili zaidi ya 400 ilipatikana, na baadhi yake ilichukuliwa na mawimbi hadi kisiwani Idjwi. Watu wasiojulikana walipo walihesabiwa kwa maelfu. Wengi waliopatikana walizikwa katika makaburi ya pamoja, kwa mikono ya watu wa Msalaba Mwekundu na majirani waliokuwa wenyewe wamefiwa. Jumatatu ya tarehe 8 Mei ilitangazwa kuwa siku ya maombolezo ya taifa, bendera zikapepea nusu mlingoti, na kesho yake zikapandishwa.

Nimesikia watu wa mbali wakiuliza kwa nini vijiji vilijengwa mahali pale. Vilijengwa pale kwa sababu katika pwani ile yenye miteremko mikali, ardhi tambarare iko midomoni mwa mito tu, na tambarare hiyo imeletwa na mito yenyewe. Ndipo boti zinapoweza kutia nanga na soko kupata uwanja. Miti ya milimani ilikatwa kwa ajili ya kuni, makaa na mashamba, na udongo ukakosa wa kuushika. Hayo ni kweli, lakini sipendi yanaposemwa kana kwamba mtu aliyekuwa akinunua unga saa ile alijitakia.

Tena ilikuwa siku ya soko. Mkazi wa kijiji anajulikana na jirani yake, na chifu anaweza kumtaja, lakini nani angewaandika waliofika asubuhi kwa mtumbwi kutoka Idjwi, au kwa boti kutoka kwetu, wakitarajia kurudi jioni? Binamu yangu hakuwa katika orodha ya kijiji chochote. Shangazi alikwenda Kalehe mara tatu, akafunuliwa nyuso asizozijua, akarudi.

Kwetu matanga yana mwanzo na mwisho. Watu hukaa, hulala nyumbani kwa mfiwa, moto huwashwa uani, na baada ya mazishi hufika siku ya kuondoa matanga, kila mtu akarudi kwake. Pasipo mwili, siku hiyo inahesabiwa kutoka wapi? Parokia iliposoma misa ya waliopotea, shangazi alihudhuria, lakini alikataa katakata picha ya binti yake iwekwe mbele ya altare pamoja na za wengine. Kwa miezi mingi hakuna aliyeleta sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, nyumbani humu, wala hatukuwahi kukubaliana kuacha kuzila. Ziwa lilikuwa lilelile, na kila mmoja wetu alijua mwenzake anafikiri nini.

Mwezi Septemba wa mwaka ule alikuja mzee mmoja kutoka Bushushu kulipa kitenge alichokopa mke wake. Mke alikuwa amepatikana na kuzikwa. Mzee hakutaka marehemu alale na deni, na alitaka kuliona jina likifutwa kwa macho yake. Shangazi alimwambia, "Keti kwanza, baba, upumzike," kisha akalipigia mstari polepole, na wote wawili wakalia. Sijaona mazishi yaliyokamilika kuliko hayo.

Majina mengine 11 yamebaki. Hatujui nani kati yao yuko hai, na tangu vita ipite Kalehe mwanzoni mwa mwaka 2025, hata wale ambao wangeweza kutuambia wametawanyika. Wapo ndugu wanaomwambia shangazi akichome kitabu hicho apate kupumzika. Mimi nimeacha kusema hivyo, kwa sababu nimeelewa kwamba kumfuta mdaiwa ambaye hakuna aliyemwona amekufa ni kumfuta pia aliyemkopesha.

Leo ameniomba niyanakili majina hayo katika daftari jipya, maana maandishi ya penseli yanafifia. Nimeyanakili yote 11, pamoja na kiasi cha kila mmoja kama alivyokiandika binamu yangu. Kosa lake la kujumlisha katika ukurasa wa 3, ambalo juma lile nilikuwa nimemwahidi kulisahihisha, nimeliacha kama lilivyo.