Daraja la Neumarkt

Mwezi Aprili, katika mwaka wangu wa pili wa masomo nchini Ujerumani, niliteremka kwenye stesheni ya Neumarkt-Sankt Veit, mji mdogo wa Bavaria, kwa sababu moja tu: nilitaka kuuona mto Rott. Nilikuwa nimesoma kwamba tarehe 24 Aprili 1809 Wabavaria wa Jenerali Wrede, waliokuwa washirika wa Napoleon, mtawala wa Ufaransa, walipigana hapo na Waaustria huku mto ukiwa mgongoni mwao, na kwa majuma kadhaa niliuwazia kuwa mto mpana wa kutisha.

Nilipofika darajani nilishangaa. Maji ya rangi ya chai ya maziwa yalipita polepole kati ya majani mabichi, na hata mtoto angerusha jiwe likafika ng'ambo. Nilisimama pale kitambo kirefu ndipo nikaelewa jambo ambalo ramani haikunionyesha: maelfu ya watu wanaporudi nyuma kwa pamoja, pamoja na farasi na mizinga yao, kinachotisha ni wembamba wa daraja.

Siku tatu kabla ya hapo Jenerali Hiller wa Austria alikuwa amefukuzwa Landshut, mji mwingine wa Bavaria. Napoleon aligeukia Eckmühl, kulikokuwa na jeshi jingine la Austria, akamwachia Marshali wake Bessières kazi ya kumwandama Hiller, naye Hiller, badala ya kuendelea kukimbia, akageuka ghafla na kuwashambulia waliomfuata. Wabavaria walishindwa, wakavuka mto wakisaidiwa na Wafaransa wa Jenerali Molitor. Lakini Karl, ndugu yake Kaisari Franz wa Austria na mkuu wa majeshi yake, alikuwa amekwisha kushindwa Eckmühl, na habari hizo zilipomfikia Hiller ilimbidi auache uwanja alioushinda. Jambo hilo liliniuma sana, na linaniuma hadi leo.

Mzee mmoja aliyekuwa na mbwa wake aliniuliza, "Umepotea, kijana?" Nilipomweleza kilichonileta, alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa lafudhi nzito ya kwao kwamba watu wa Salzburg, ng'ambo ya mpaka huko Austria, husema kama yeye.

Nilirudi kuutazama mto. Oktoba 1813, kwa mkataba wa Ried, Bavaria ilihamia upande wa Austria, na Wrede yule yule akayaongoza majeshi ya nchi zote mbili dhidi ya Napoleon huko Hanau. Nilimfikiria askari wa kawaida aliyeponea kwenye kivuko hiki, ambaye baada ya miaka minne na nusu alisimama safu moja na watu waliokuwa wakimfyatulia risasi hapa.