Mwombaji ni chuo, si wewe

Watafiti wengi huandika andiko la mradi, yaani ombi la fedha za utafiti, kana kwamba wanaomba mkopo wa binafsi, kisha wanashangaa kwa nini ofisi ya utafiti inawasumbua. Kisheria, mwombaji ni chuo. Fedha zitaingia akaunti ya chuo, atakayesaini ni mtu mwenye mamlaka ya kukiingiza chuo kwenye mkataba, na wakaguzi wakikataa matumizi fulani, chuo ndicho kitakachorudisha fedha. Mtafiti mkuu anaongoza kazi tu. Mengi yanayoitwa urasimu yanatoka hapo.

Anza na tarehe. Ile iliyo kwenye tangazo la mfadhili ni ya chuo. Yako ni ya ofisi ya utafiti, ambayo mara nyingi hutangulia kwa siku 5 hadi 10 za kazi. Siku hizo si za mapambo: mhasibu anapitia bajeti, mwanasheria anasoma masharti, mkuu wa idara anathibitisha kwamba muda wako na maabara vipo kweli. Kinachokwama zaidi ni saini. Mwenye mamlaka yuko safarini, na hakuna aliyekaimishwa. Uliza mapema nani anasaini na nani anakaimu. Barua za taasisi shirikishi nazo zianze kutafutwa siku ileile unayoamua kuomba, na uwatumie rasimu. Ukiwaachia waandike wenyewe, zitakuja zikisifu mradi bila kutaja kiasi, watu wala vifaa wanavyoahidi.

Usajili unaangusha watu kimyakimya. Namba yako ya ORCID, yaani namba ya kumtambulisha mtafiti, yenye tarakimu 16, unaipata kwa dakika chache. Usajili wa chuo ndio mgumu. Kwa fedha za serikali kuu ya Marekani, kwa mfano, chuo kinatakiwa kuwa kwenye SAM.gov, mfumo wa serikali hiyo wa kusajili wanaoomba fedha zake, na usajili huo huhuishwa kila mwaka. Ukiwa umekwisha muda, unaweza kuchukua wiki kadhaa kuurudisha, na wakati huo ubora wa andiko lako haumsaidii mtu.

Halafu saa. Maombi ya Horizon Europe, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kufadhili utafiti, kwa kawaida hufungwa 17:00 kwa saa za Brussels. Kwenye barua pepe za timu iandike hivyohivyo, kwa saa 24 na jina la mji. Ukiandika "saa 11", mmoja ataelewa jioni na mwingine ataisoma kama 11:00 ya kabla ya adhuhuri.

Bajeti ianze kabla ya maelezo ya kisayansi, maana ndiyo inayokuambia kama mradi unaouota unawezekana. Mishahara ihesabiwe kwa asilimia ya muda: mtu wa 20% kwa miezi 24 analipwa miezi 4.8. Ongeza michango ya mwajiri, yaani pensheni na bima, na nyongeza ya mwaka wa pili. Kisha jumlisha asilimia za kila mtu katika miradi yake yote. Mwenye 30% huku, 50% kule na 40% kwako amefika 120%, na mkaguzi hatakubali.

Panapokosewa kuliko pote ni gharama zisizo za moja kwa moja: umeme, maktaba, wahasibu, walinzi. Mfadhili anasema 15%. Ya nini? Tuseme ukomo wa ruzuku ni 100,000, kila kitu ndani. Kama ni 15% ya gharama za moja kwa moja, gawanya 100,000 kwa 1.15: kazi yenyewe inapata 86,957 na chuo 13,043. Kama ni 15% ya jumla yote, kazi inapata 85,000 na chuo 15,000. Tofauti ni 1,957, na ukikosea kuelekea upande mbaya, utakuwa umeomba zaidi ya kinachoruhusiwa. Angalia pia kinachoondolewa kabla ya kupiga asilimia. Horizon Europe hutoa 25%, lakini kazi uliyompa mkandarasi wa nje haihesabiwi humo. Na usijaribu kukificha kipengele hiki ili bajeti ionekane ndogo. Wapitiaji wa kisayansi mara nyingi hawakijali, ila chuo kitagoma kusaini.

Mkataba wa utafiti ni mnyama mwingine. Kwenye ruzuku unaahidi kufanya kazi kwa bidii na kuripoti. Kwenye mkataba unauza kitu chenye tarehe. Malipo mara nyingi huja baada ya ripoti kupokelewa, kwa hiyo mtu anapaswa kugharimia miezi ya mwanzo: dai awamu ya kwanza ilipwe wakati wa kusaini. Hakikisha bei imetaja kama kodi ya ongezeko la thamani imo au haimo. Kifungu cha uchapishaji kikisema mteja lazima "akubali" kabla ya kuchapisha, kibadilishwe awe na siku 30 hadi 60 za kusoma na kutoa maoni, zikipita unaendelea. La sivyo, tasnifu ya mwanafunzi wako itakaa kabatini. Data na mbinu mlizokuja nazo ziorodheshwe kwenye kiambatisho kuwa ni za chuo, na fidia ambayo chuo kinaweza kudaiwa iwekewe kikomo, tuseme thamani ya mkataba. Hapo usijifanye mwanasheria. Mpelekee mwanasheria wa chuo.

Siku ya kupakia, wasilisha saa 48 kabla. Mifumo mingi inaruhusu kurudia hadi muda ufike. Baada ya kuwasilisha, pakua faili ambalo mfumo umelitengeneza na ulifungue ukurasa kwa ukurasa: alama za hesabu hugeuka vijisanduku, jedwali hukatwa pembeni, na kurasa zilizozidi ukomo wakati mwingine huondolewa bila kuulizwa. Hifadhi uthibitisho wenye namba ya maombi.

Mfadhili akikubali lakini akapunguza 20%, usikate kila mstari kwa 20%. Ondoa eneo moja la utafiti au lengo moja zima, andika upya ratiba, na upate idhini yake kwa maandishi kabla chuo hakijasaini.