Goma ndani ya FSX: ndege zinazopita tumboni mwa Nyiragongo

Rangi za ndege nimeziweka kando kwanza. Wengi wanaojaza anga ya simuleta (programu ya kuigiza urushaji wa ndege) kwa ndege zinazoendeshwa na kompyuta yenyewe wakishaona nembo ya kampuni kwenye mkia, wameridhika. Mimi bado. Hiyo siyo Goma mpaka ndege zije kutoka ziwani.

Mtu wa Birere, mtaa wetu hapa Goma, hahitaji kuambiwa: ndege zilikuwa zikija juu ya Ziwa Kivu, zikitua kuelekea kaskazini, na kwa kawaida zikiondoka zilirukia kusini, juu ya mabati yetu. Mlima ndio ulioamua hivyo: volkano ya Nyiragongo, kaskazini ya uwanja. FSX (Flight Simulator X), simuleta ya Microsoft ya 2006, haina habari. Yenyewe inasikiliza upepo tu: ukivuma kutoka kusini, msafara mzima unatua kutoka kaskazini. Sasa piga hesabu. Kwa mteremko wa kawaida wa nyuzi 3, ndege iliyobakiza kilomita 17 iko mita 900 hivi juu ya uwanja, yaani kama mita 2,450 toka usawa wa bahari. Nyiragongo ina mita 3,470. Airbus inazama ubavuni mwa mlima, inachomoza upande wa pili na kutua bila mkwaruzo. Mdogo wangu alichungulia akauliza: “Yaya, hii ndeke haione mulima?” Haioni kweli.

Nimeanza na hali ya hewa. Goma nimeipa upepo wa kaskazini usiobadilika, noti (knots) 6, na kutua kumekaa sawa. Ile kona ya mwisho juu ya maji inapendeza kweli. Ila programu huchagua upande mmoja kwa kutua na kuruka, kwa hiyo sasa zinazoondoka ndizo zinazoikimbilia volkano.

Maegesho nayo yana vituko vyake. Kila nafasi ina nusukipenyo chake. Mabawa ya A320 yana mita 34, nusu yake ni 17, hivyo nafasi yenye nusukipenyo cha mita 14 haiitoshi: ndege inatua, inatoka kwenye barabara ya kutulia, halafu inafutika mbele ya macho yako, abiria na mizigo. Nafasi kadhaa nimezipanua hadi mita 20. Zile ndogo zimebaki za LET 410, vindege vidogo vya abiria, ambazo bila hizo Kivu haijakamilika.

Ratiba inaandikwa kwa saa za Greenwich: Kinshasa iko mbele kwa saa moja, sisi kwa mbili. Nimechukua safari za miaka ya nyuma, maana uwanja ulifungwa Januari 2025 na sikutaka kuchora lami tupu.

Kinachofuata, ili zinazoondoka nazo ziuache mlima, ni kulaza barabara mbili za ndege, moja juu ya nyingine: ya kutua tu kutoka ziwani, na ya kurukia tu kuelekea ziwani. Umeme ukikubali, naanza kesho jioni.