Kadi ya Saba

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa msaidizi katika utafiti uliotaka kujua wagonjwa wa baridi yabisi ya viungo wako tayari kuvumilia hatari kiasi gani ili wapate nafuu. Kazi yangu ilikuwa kulijaribu dodoso kwa mtu mmoja mmoja kabla halijapelekwa kwa wengi. Kila kadi ilikuwa na dawa mbili za kubuni, A na B, zilizotofautiana kwa mambo matano: maumivu, uvimbe, hatari ya maambukizi makali, njia ya kutumia dawa na idadi ya dozi.

Nakiri kwamba sikuwa na imani na zoezi lile. Nilijua kwamba mwaka 2015 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kifaa cha kutibu unene uliokithiri ambacho hakikufikia lengo kuu la jaribio lake, na kwamba miongoni mwa yaliyozingatiwa ni utafiti wa namna hii hii. Lakini moyoni niliona kwamba mwenye maumivu atakubali chochote.

Mama niliyeketi naye, aliyekuwa ameugua kwa zaidi ya miaka ishirini, hakuwa hivyo. Kwenye karatasi yenye vijitu elfu moja vilivyochorwa, vitano vikiwa vyekundu kuonyesha watakaopata maambukizi makali, alipitisha kidole chake kilichopinda juu ya vile vyekundu, kimoja kimoja, kisha akachagua dawa yenye nafuu ndogo. Kwenye kadi ya saba akagoma kuchagua.

"Mwanangu, mbona hamjauliza kuhusu siku ya pili yake?"

Nilidhani hajaelewa, nikaanza kumweleza upya. Alinisubiri nimalize, ndipo akasema kwamba yeye hutumia methotreksati, dawa yake ya baridi yabisi, mara moja kwa wiki, Ijumaa jioni, na Jumamosi kutwa huwa kitandani kwa kichefuchefu na uchovu.

"Gharama yangu ni hiyo Jumamosi, na humu haimo."

Tulipaswa kuona haya. Tangu mwaka 2002, wagonjwa walioshirikishwa katika mkutano wa OMERACT, ambako wataalamu hukubaliana mambo ya kupimwa katika majaribio ya tiba za viungo, walikwisha kusema kwamba uchovu umeachwa nje. Sisi tuliyasoma hayo, kisha tukatunga dodoso letu mezani bila kumuuliza mgonjwa hata mmoja. Kiongozi wetu alihofia kwamba jambo la sita lingemchosha mjibu, na hofu hiyo haikuwa ya bure. Baada ya mabishano marefu tukaondoa uvimbe, ambao waliojibu hawakuutenga na maumivu, tukaweka "hali yako siku inayofuata dozi".

Wiki iliyofuata nilimpelekea mama kadi mpya. Alivihesabu tena vijitu vyekundu, safari hii kumi, akaangalia mstari wa mwisho, akachagua dawa B: yenye hatari kubwa zaidi, lakini isiyomlaza kitandani Jumamosi.