Gari inavuta upande? Anza kuangalia lami

Njia ya Mingoyo, kule Lindi, kuja Mtwara mjini inapitisha malori ya makaa ya mawe na ya korosho, na lami ikishakandamizwa hivyo kwenye jua letu hili inabonyea inafanya mifereji miwili, sasa ukiingia humo na gari ndogo stelingi inaanza kukupeleka, mara kulia mara kushoto. Tairi ikigusa ukingo wa mfereji inavutwa huko huko, na tairi pana ndo balaa zaidi, mnaofunga rimu kubwa mnajua.

Halafu barabara zimeinamia pembeni ili maji yatiririke, na sisi tunaendesha kushoto, kwa hiyo kuvuta kushoto kidogo ni kawaida jamani.

Ila ikivuta hata kwenye lami tambarare isiyo na mifereji, pima upepo wa tairi asubuhi kabla hujatembea, kisha badilisha tairi za mbele, ya kulia iende kushoto, kama gari inahamia kuvuta upande wa pili basi shida ni tairi. Isipohama, fundi acheki bushi (raba za kwenye viungo vya chini ya gari), boljointi (kiungo kinachoiruhusu tairi kukata kona) na tairodi (fimbo inayounganisha stelingi na tairi) kabla hujalipia alaimenti, yaani kunyoosha tairi zielekee sawa, maana alaimenti juu ya bushi zilizokufa haikai hata wiki.