Noti za dharura za Ujerumani

Katika vitu vyote ninavyokusanya, ninazipenda zaidi noti za dharura za Ujerumani, zilizotolewa na miji na hata viwanda baada ya Vita Kuu ya Kwanza kumeza madini ya kutengenezea sarafu na chenji kuadimika madukani. Jioni hii nimepanga zile za Hameln, zenye hekaya ya mpiga filimbi na panya wake. Kufikia 1921 miji mingi ilikuwa ikichapisha noti za rangi huku ikijua kwamba wakusanyaji wangezinunua na wasirudi kamwe kudai malipo, na hiyo ikawa faida ya mji. Bielefeld ilichapisha hata juu ya hariri, na ukiipapasa unazihisi nyuzi.

Za 1923 ni habari nyingine: thamani ni mabilioni ya mark, na nyingi zimechapishwa upande mmoja tu kwa haraka, maana Novemba mwaka huo dola 1 ya Marekani ilifika mark trilioni 4.2. Hizi zisizo na mapambo ndizo ninazozithamini kuliko zote, kwa kuwa zilinunua mkate kweli. Mikunjo yake siinyooshi, na ninaomba wakusanyaji wenzangu nao wasiinyooshe.